Siku Uliponiita Jirani

Njeri, mami,

Naandika nikiwa nimekaa kwenye cherehani, mapazia ya yule mteja wa Mountain View nimeyasukuma pembeni, na wewe uko hapo ng'ambo ya ukuta kwa Mama Mwende. Ulisema unaenda kuaga dakika mbili. Dakika hizo zilianza jua likiwa juu ya tangi la maji la mwenye ploti hii tunayopanga, na sasa jua lenyewe limeshaondoka. Nasikia kicheko chako. Nasikia pia chapati zikisukumwa mezani, na najua ni zako, za njiani. Mimi nilikuwa nimekuchemshia mayai. Haya, utakula mayai yangu na chapati zake, yatajuana huko tumboni.

Sitakuambia habari ya kuanika godoro, wala ya kutokopesha wenzako sabuni, wala ya wavulana wa chuo. Mama Mwende ameshakuambia yote hayo, tena kwa mpangilio, na dada yake wa Machakos atayarudia kila Jumapili utakapoenda kula muthokoi kwake. Kesho unaenda kusomea uuguzi kwenye mji wa watu wake Wakamba, karibu na nyumba ya dada yake, ukiwa na maneno ya kwao mdomoni. Sijui mwanamke mwingine hapa Dagoretti Corner aliyeibiwa mtoto polepole namna hii, mchana kweupe, huku akiombwa chumvi.

Basi nimesema. Baba yako husema wivu wangu utaniua kabla ya presha. Husema hivyo akija mwisho wa mwezi kutoka Nakuru, anacheka, anakula, anarudi kwenye kazi yake ya ujenzi. Yeye hajawahi kukaa upande huu wa ukuta akisikiliza mtoto wake akicheka upande ule. Mimi nimekaa.

Tena tangu mwanzo. Unajua desturi yetu Wakikuyu: msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba. Nilikubeba miezi yote ile, nikatapika mpaka nikabaki macho, na siku uliyozaliwa wakaja shangazi zako wakakutazama wakasema, "Njeri amerudi." Kwamba umerudi! Mimi nilikuwa nimelala pale sijui kama nitaweza kuketi, na watu wanamkaribisha nyanya yako. Nilimpenda mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, lakini siku hiyo nilimwona amenitangulia kwa mtoto wangu mwenyewe.

Ukafika darasa la tatu, na Mama Mwende akahamia nyumba ya pili. Alikuja na kitanda, jiko, na picha ya binti yake Mwende, aliyekuwa akilelewa na nyanya yake Kitui. Alikuwa amepata kazi ya kupika kwenye nyumba moja kubwa kule Karen. Jioni alirudi na mikono ya mama isiyokuwa na mtoto wa kushika, na wewe ulikuwa hapo mlangoni, kichwa hakijasukwa, kwa sababu mimi nilikuwa na pindo za kumaliza. Akakusuka. Nikamshukuru, tena kwa moyo. Laiti ningejua, ningekunyoa.

Mengine unayakumbuka. Keki ya ndizi aliyokufundisha, ambayo mimi siiwezi mpaka leo. Siku uliyovunja ungo ukamwambia yeye kwanza, na mimi nikaambiwa na yeye kwenye kamba ya nguo, nikiwa na kibanio mdomoni, nikajifanya nilikuwa najua. Halafu mwaka wa ile kura ya maoni ya katiba, nchi nzima ilipogawanywa kwa matunda, sisi wa ndizi tukisema ndiyo na wao wa chungwa wakisema la, nikaapa chungwa halitaingia nyumba hii. Ukakaa bila machungwa siku mbili. Ya tatu nilikuona kwenye ngazi ya Mama Mwende, umeshika glasi ya maji ya machungwa kwa mikono miwili, unakunywa umefumba macho. Nilikuja ndani nikashona pazia la mtu nje ndani, nikalifumua, nikalishona tena nje ndani.

Lakini hayo yote ni madogo. Nataka kukuandikia habari ya ile asubuhi ya kupiga kura, ambayo mimi na wewe tumeizunguka kama watu wanaozunguka dimbwi la maji njiani, na sitaki upande basi kabla hatujaipitia pamoja.

Ulikuwa ule uchaguzi wa baada ya Krismasi, mwaka wa 2007. Wewe ulikuwa kidato cha tatu, na mdogo wako Mbugua alikuwa ananyonya bado. Unakumbuka ploti ilivyokuwa. Kila mlango na picha yake, kila redio na kituo chake, na watu waliokuwa wakiazimana viberiti wakaanza kununua vyao. Mimi na Mama Mwende tulikuwa pande mbili. Tuliongea maji na takataka tu. Maji yamekuja, takataka zimechukuliwa, basi.

Siku moja tukichota maji pale kwenye mfereji nilimsikia akimwambia Mama Otis, "Mimi lazima nipige mapema. Kule Karen wana wageni, wamesema nifike asubuhi hata kama ni holiday. Nitakuwa nimemaliza na nyinyi bado mnapiga mswaki." Alisema kwa wema tu. Mimi nikasikia kitu kingine. Niliona ameshanichukulia mtoto, na sasa anataka kunitangulia hata kwenye sanduku la kura. Nikaapa kimoyomoyo kwamba mtu wa kwanza kutoka ploti hii kurudi na wino kidoleni atakuwa mimi. Watu husema waliamka alfajiri ile kwa sababu ya nchi. Mimi nikikuambia ukweli, sijui kama ningeamka kwa ajili ya mgombea yeyote. Niliamka kwa ajili ya Mama Mwende.

Na nilikuwa na mpango. Unajua desturi ya foleni zetu: mama mwenye mtoto mchanga mgongoni hapangi, askari humtoa akampeleka mbele, na watu humpisha bila kunung'unika. Ndiyo maana siku ya kura kila mtoto mchanga wa mtaa hupata mama wengine watatu. Ploti ya nyuma kuna kitoto cha yule muuza mboga kilichopiga kura mara nne siku hiyo kabla ya uji. Mimi sikuwa na haja ya kuazima, nilikuwa na wangu. Lakini kulikuwa na baridi, na Mbugua alikuwa na kifua. Nikakuambia niende nishike nafasi, na wewe umlete kukikucha, umefunika kichwa, unikabidhi, nipite mbele.

Nilifika pale shuleni nikakuta foleni imeshazunguka ua. Watu wamekuja na vigoda na mablanketi, muuza chai anapita na birika lake, na kila mmoja anamwangalia mwenzake kama anayetaka kujua amebeba nini moyoni. Kulikuwa na maneno kwamba kuna watu wanaletwa kutoka mbali kuja kupiga kura za wengine. Wanaume fulani walikuwa wakitembea kando ya foleni wakituangalia usoni. Sikuwajua, wala wao hawakunijua. Nilishika nafasi yangu, nikangoja kukuche.

Kukakucha. Nikanyoosha shingo kuangalia lango, wewe huonekani. Askari akaanza kuwatoa wanawake wenye watoto. Mmoja, wa pili, wa tatu. Wa nne alikuwa amenipa mgongo, na mgongoni mwake kulikuwa na shuka ya kahawia yenye pindo la uzi wa kijani. Mimi ndiye niliyelishona pindo lile. Uzi wa kahawia ulikuwa umeniishia nikaunganisha na wa kijani, nikisema ni ya nyumbani tu, nani ataona. Nikaona mimi. Na juu ya pindo lile kilikuwa kichwa cha Mbugua, shavu limelazwa kwenye mgongo wa Mama Mwende, amelala usingizi mzito. Mtoto ambaye kwangu hulala kwa kubembelezwa saa nzima!

Angalau angekuwa analia, Njeri. Nadhani angelia nisingepiga kelele.

Nilipiga kelele. Nilisema, "Mwana wakwa! Huyo mtoto ni wangu!" na nilisema kwanza kwa lugha yetu, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Sikuwa namaanisha ameiba. Nilikuwa namaanisha miaka yote ile, nywele, keki, machungwa, vyote kwa pamoja. Lakini hakuna mtu kwenye foleni ile aliyejua habari ya machungwa. Wao walisikia mama wa Kikuyu analia mtoto wake, wakageuka wakaona mama Mkamba amembeba.

Wale wanaume walifika kabla sijafunga mdomo.

"Shika huyo! Ameiba mtoto apige kura nayo!"

"Mama, simama hapo. Hii mtoto ni ya nani?"

"Muulizeni ametoka wapi! Toeni kitambulisho tuone jina!"

Mmoja aliyevaa kofia ya sufu alishika fundo la shuka kifuani pake. Askari alikuwa mmoja, na alianza kuangalia upande mwingine. Unajua Mama Mwende alifanya nini? Mikono yake yote miwili ilikuwa nyuma, ameshika makalio ya Mbugua asianguke. Uso wake ulikuwa wazi kabisa. Mtu yeyote angeweza kuupiga, na hakuinua hata kidole kuukinga.

Hapo ndipo ulipotokea wewe. Ulikuwa langoni, ukapita chini ya mkono wa mtu, na sketi yako ya shule, kwa sababu ndiyo uliyookota gizani. Ukamshika Mama Mwende kiwiko ukamwambia, "Mwaitu," halafu ukaendelea. Sentensi nzima, Njeri. Kwa Kikamba. Mimi najua mwaitu ni mama kwa watu wa kwao, kila mtu Nairobi anajua. Yale yaliyofuata sikuyajua, na ndivyo nilivyogundua kwamba mtoto wangu ana lugha nzima ambayo mimi sikumpa. Naye akakujibu, kwa utaratibu, kama mnaongea habari ya unga.

Kisha ukawageukia wale watu.

"Huyu ni mathe yangu. Na huyu ni brother yangu. Kwani kuna shida gani?"

"Na yule anasema ni mtoto wake?"

Ukaniangalia. Watu wote wakageuka kuniangalia. Nilikuwa nimeshatoka kwenye foleni, mikono nimeinyoosha, leso imeanguka.

"Huyo ni jirani yetu tu," ukasema. "Ni fundi, yeye ndiye alitushonea hiyo shuka. Amekuwa hapa tangu usiku, hajalala. Amechanganya."

Yule wa kofia akanijia. Hakuwa na uso mbaya, hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kunisaidia.

"Mama fundi, ni ukweli? Sema tu usiogope. Ukisema ni wako, tunakuchukulia saa hii."

Ningesema neno moja. Lilikuwa la kweli, lilikuwa langu, na watu walikuwa tayari. Nilikuangalia, na wewe hukunikonyeza wala hukunisihi. Ulikuwa umesimama karibu naye, bega kwa bega, na nikaona ya kwamba neno langu likimpiga yeye litakupiga wewe pia.

"Ni ukweli," nikasema. "Nilifikiria ni wangu. Wacheni wapige kura waende."

Kofia akacheka kidogo, akaachilia fundo. Watu wakacheka pia, kile kicheko cha watu walionyimwa kitu. Mwingine akasema, "Mama, nunua chai uamke." Nikaokota leso yangu. Mama Mwende akaingia, akapiga kura yake ya upande ule mwingine akiwa amembeba mtoto wangu, akatoka. Mkapita kando ya foleni nyote watatu, familia nzuri tu, na mimi nikasogea nyuma kidogo niwapishe.

Sikuweza kuwafuata. Wale wanaume walibaki kuzunguka, na kila walipopita waliniangalia na kutabasamu, kwa hiyo ilibidi niwe jirani kweli, mpaka foleni iishe. Jua likapanda. Na unajua Mbugua alikuwa ananyonya asubuhi. Saa yake ikafika, ikapita. Maziwa yakajaa mpaka nikashindwa kushusha mikono, kisha yakaanza kutoka yenyewe. Blauzi ile ya bluu ikalowa mbele, miviringo miwili, na mimi ni mwanamke ambaye ametangaza mbele ya umati kwamba hana mtoto.

Nyuma yangu alikuwa mama mmoja ambaye hatukuwa tumesemeshana. Alikuwa amevaa beji ya upande ule mwingine kwenye sweta yake. Alinitazama kifuani, akanitazama usoni, akaangalia walikosimama wale wanaume. Kisha akavua sweta, akatoa beji akaitia mfukoni, akanipa.

"Vaa, mama," akasema. "Kuna baridi."

Jua lilikuwa linawaka. Nikavaa nikafunga vifungo vyote. Nilipotoka kupiga kura nikamrudishia sweta yake ikiwa imelowa, naye akaikunja akaiweka kwapani.

Hivyo ndivyo nilivyopiga kura mapema.

Nilipofika nyumbani ulikuwa umekaa mlangoni na Mbugua, anapiga kelele, amekataa uji. Mama Mwende alikuwa ameshaenda Karen. Nikamchukua mtoto nikakaa kitandani nikamnyonyesha, na ndipo nikaona sikio lake la kushoto lina wino. Mama Mwende aliposhika shuka kumfunga vizuri baada ya kupiga kura, kidole chake kikamgusa. Nikasugua kwa sabuni ya kipande, nikasugua kwa ndimu, Mbugua akalia, wino ukabaki. Ulikaa mpaka shule zilipofunguliwa. Watu wa ploti wakawa wanamwita Mpiga Kura, na kila walipocheka mimi niliona alama ya Mama Mwende kwenye mwili wa mtoto wangu.

Ulisimama karibu na pazia ukasema, "Mum, pole."

"Pole ya nini?" nikakujibu. "Mimi ni jirani tu."

Na hilo nimekupiga nalo karibu miaka miwili. Ukikataa kuosha vyombo, muulize mama yako wa kule. Ukitaka nauli, mimi ni fundi tu, nimekushonea shuka. Ulikuwa unanyamaza. Mtu akinyamaza hivyo mwenye wivu hujiona ameshinda, na anaendelea. Wivu wangu haujaisha hata sasa, naweza kuusikia ukisikiliza chapati. Lakini zile siku zilizofuata matokeo niliziona kwa macho. Unakumbuka tulivyofunga milango, moshi ukapanda upande wa Kawangware, na maduka yote ya Corner yakateremsha mabati. Watu waliulizwa majina barabarani. Mteja wangu mmoja alijibu jina lake halisi, kwa ukweli wote, mbele ya watu waliokuwa wakitafuta jina kama hilo. Hakurudi kuchukua mapazia yake. Nikawa nalala nikiona ile kofia ya sufu, na mdomo wangu ukisema lile neno langu la kweli.

Kwa hiyo, kama kuna kitu ninachokupa cha kwenda nacho wodini, ni hicho tu. Watakuja watu mbele yako wakiwa na haki na hasira kwa pamoja. Watakuuliza jambo wakitaka ukweli. Kabla hujajibu, angalia mikono yao. Wewe ulijua hilo ukiwa na sketi ya shule, na mimi mama yako nilijifunza kwako, jambo ambalo pia sikulipenda.

Maji yaliporudi kuwa maji na watu wakaanza kuazimana viberiti tena, Mama Mwende alinikuta kwenye mfereji. Akaweka ndoo chini. "Mama Njeri," akasema, "siku ile msichana wako alinipatia kijana. Halafu wewe ukanipatia msichana. Sijui nitakulipa na nini."

"Nilikuazima," nikamwambia. "Sikukupatia."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikuwa nafanya mzaha.

Wiki iliyopita tulipoenda mjini kukununulia viatu na lile sanduku, ulisimama katikati ya duka ukampigia simu Mama Mwende kumuuliza kama vyeusi vya kamba ni bora kuliko vya kuvuta. Mimi nimesimama hapo na kiatu mkononi. Nilijizuia mpaka tukafika nje, na pale kwenye kona, watu wakitugonga mabega, ndipo nikakuuliza kile ambacho sikuwa nimekuuliza hata siku moja. Kwa nini ulimpa mtoto yeye?

"Mum, wewe ulikuwa na day yote," ukasema. "Yeye alikuwa na hiyo saa moja pekee. Nikafikiria wewe uko mbele tayari."

"Na kuniita jirani?"

Ukanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji ni maji. "Aki mum, wewe hata nikikuita kiti, bado ni mum. Yeye ningemwita nani?"

Nilikasirika juu ya hicho kiti mpaka tukafika stegi ya matatu. Ulinunua njugu ukanipa, nikazikataa, kisha nikazila. Usiku huo huo, wakati umelala, nilikiri kwamba hakuna mtu aliyewahi kunipa cheo kikubwa kuliko hicho. Uliniacha mikono mitupu mbele ya umati kwa sababu ulikuwa na hakika nami. Yeye ulimshika kwa sababu hukuwa na hakika kama utamkuta kesho. Naelewa, mami. Nakubali kwa kichwa. Moyo bado unapanga foleni huko nyuma, unasogea kidogo kidogo.

Sasa habari ya kesho. Mama Mwende ameomba ruhusa kule Karen aje kukusindikiza mpaka kwenye basi la Machakos. Amekuambia wewe, hakuniambia mimi, lakini kuta hizi ni nyembamba. Na mimi, kwa kuwa bado ni yule yule, nilikuwa nimepanga kukuamsha mapema kabisa, tubebe sanduku tukitembea kwa vidole vya miguu, tupande basi la kwanza, na yeye aamke akute tumeshakwenda. Nilikuwa nimeshapanga hata la kumwambia: tulifikiri umelala, hatukutaka kukusumbua. Jana nilitia mafuta kwenye bawaba za mlango ili zisilie.

Halafu nikakumbuka mara ya mwisho nilipoamka mapema kumtangulia Mama Mwende.

Kwa hiyo nitakuamsha, ndiyo, lakini mimi mwenyewe nitaenda kugonga mlango wake. Nitabeba sanduku upande mmoja, yeye upande mwingine. Mbugua atashika mfuko wa mayai, utamwomba Mungu yafike. Tutafika pale kituoni watu watatu wakubwa na mmoja mdogo, na wewe utalia kidogo, na atakufuta machozi yeye kwa sababu ana mkono mwepesi kuliko wangu, na mimi nitaangalia mabasi.

Na kule chuoni, siku ya kutembelewa, tukija wote wawili na vyakula vyetu tofauti, wenzako watakuuliza hawa ni nani. Sema ni mama zako. Sina neno, nimekubali, nimeandika kwa mkono wangu. Yeye anaitwa kwa jina la Mwende, na mimi ndiye ninayeitwa kwa jina lako mtaa mzima, na hilo siwezi kumwazima hata akija na mtoto mgongoni.

Lakini ukitutaja, Njeri, anza na mimi. Nilikuwa kwenye foleni hiyo kabla yake. Mbugua siku hizi anatembea mwenyewe, na sina tena wa kunipitisha mbele ila wewe.

Nasikia mlango wake ukifunguka. Njoo, chapati zinapoa.

Mama Njeri